Tuta: Miaka Elfu Saba ya Udongo Ulioinuliwa

Kiswahili kimelipa neno tuta kazi nyingi. Kuna tuta la viazi shambani, tuta la mchicha bustanini, tuta la reli linalokatiza bondeni, na tuta la barabarani linalomfanya dereva akanyage breki anapokaribia shule. Kazi hizi ni ndugu. Tuta la barabarani hupunguza mwendo wa gari, na tuta lililokingama kwenye mteremko hupunguza mwendo wa maji. Tuta la reli huinua njia isizame, na tuta la bustani huinua mizizi isizame. Mtu anayevuta udongo kwa jembe na kuukusanya pamoja ameanza kushughulika na maji kabla hajaigusa mbegu.

Siku hizi ukitaja tuta la mboga mjini, wengi huwaza sanduku la mbao lililojazwa udongo mweusi na kuwekwa mbele ya nyumba. Picha hizo zimewavuta vijana wengi kwenye bustani, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila zinalifanya tuta lionekane kama kitu cha dukani kilichobuniwa juzi. Historia yake ni ndefu kuliko ya ngano nyingi tunazosimuliana, na kila nikiifuata nakuta jambo lilelile. Tuta ni jibu la mkulima kwa maji ya mahali pake. Maji yakizidi hulijenga namna moja, yakienda mbio hulijenga namna nyingine, na yakiwa haba huligeuza likawa shimo. Pale lilipojengwa kwa amri ya mtu asiyeishi na maji yale, halikudumu.

Ambako maji yalizidi

Ushahidi wa zamani sana tulio nao unatoka mbali, katika nyanda za juu za Papua New Guinea. Kuna bwawa la matope liitwalo Kuk ambako, kuanzia miaka ya 1970, mwanaakiolojia Jack Golson na wenzake walifukua tabaka baada ya tabaka. Walikuta alama za vichuguu vya udongo vilivyoinuliwa na watu kati ya miaka 7,000 na 6,500 iliyopita, na juu yake mitaro ya kutolea maji iliyochimbwa baadaye. Wakulima wale walikuwa na magimbi na migomba. Mgomba hauvumilii kusimama majini, hivyo waliuinulia mmea udongo ukae juu, maji yapite chini. Mwaka 2008 UNESCO iliitambua Kuk kuwa urithi wa dunia. Sisi tunaokula matoke, ndizi nyama na mtori tunadaiwa shukrani pale, kwa sababu mgomba ulianza kulimwa na binadamu katika pande hizo kabla haujasafiri hadi Afrika.

Hakuna waliolisogeza mbele jibu hili kama watu wa Bonde la Meksiko. Waazteki walipoanzisha mji wao wa Tenochtitlan, ambao mapokeo yanautaja mwaka 1325, waliukuta umezungukwa na ziwa, nchi kavu ikiwa finyu. Kusini, katika maziwa ya Xochimilco na Chalco, wakulima walikuwa wakitengeneza ardhi yao wenyewe. Walisimika uzio wa matete kwenye maji mafupi, wakajaza majani ya majini na matope yaliyochotwa kutoka sakafu ya ziwa, wakarudia mpaka udongo ukatokeza juu. Kingoni walipanda miti jamii ya mwerebi ili mizizi yake ishike udongo usimomonyoke. Shamba la namna hii waliliita chinampa, jina lililotokana na neno lao la uzio wa matete.

Chinampa lilikuwa refu na jembamba, nao wembamba huo ndio siri yake. Maji ya mifereji ya pande zote mbili yaliweza kupenya hadi katikati, mizizi ikanywa bila mtu kumwagilia kila siku. Matope ya mfereji yalichotwa tena na tena kuwa mbolea. Miche ilioteshwa kwenye kitalu cha tope lililokatwa vipande kama matofali madogo, kila mche na kipande chake, kisha ikasafirishwa kwa mtumbwi. Mavuno yalifuatana mwaka mzima na kulisha mojawapo ya miji mikubwa ya dunia ya wakati ule. Wahispania waliuteka mji huo mwaka 1521, na watawala waliofuata waliamua kuyakausha maziwa. Hata hivyo, Xochimilco bado ina chinampa zinazotoa mboga na maua, karne tano baadaye.

Kusini zaidi, kandokando ya Ziwa Titicaca katika mpaka wa Peru na Bolivia, karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, tatizo lilikuwa mafuriko na baridi pamoja. Wenyeji wa kabla ya Wainka walichimba mifereji na kuurundika udongo wake katikati kuwa majukwaa marefu, ambayo leo huitwa waru waru. Mchana maji ya mfereji hunyonya joto la jua. Usiku, sakitu inapokaribia kuua viazi, maji hayo huliachia joto lake taratibu. Tuta lilikuwa shamba, mfereji ukawa blanketi.

Mabaki ya waru waru yanaenea kwenye makumi ya maelfu ya hekta. Mwaka 1981 mwanaakiolojia Clark Erickson na wanakijiji wa Huatta walianza kuyafufua machache kwa majaribio, na viazi vikastawi. Habari zilipoenea, miradi ya maendeleo ilikuja na malipo na zana, mamia ya hekta yakainuliwa upya. Miradi ilipofunga ofisi zake, mengi ya mashamba hayo yaliachwa. Kazi ya kuyatunza ilikuwa kubwa, na maisha ya watu wa huko yalikuwa yamebadilika tangu enzi za mababu. Maarifa ya kale yalikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mkulima aliyeyataka kwa hesabu zake mwenyewe.

Majani chini, udongo juu

Ulaya nayo ina historia yake. Katika karne ya 9, Walafrid Strabo, mkuu wa monasteri ya Reichenau katika Ujerumani ya leo, alitunga shairi la Kilatini kuhusu bustani yake. Humo anaeleza kwamba alizuia kingo za matuta yake kwa mbao, udongo usichukuliwe na maji. Kwa hiyo hata lile sanduku la mbao lina zaidi ya miaka elfu moja, na lilianza kama kinga ya mvua.

Linalonigusa zaidi ni tuta la maskini wa Ayalandi na nyanda za juu za Uskoti. Kwenye ardhi chepechepe na yenye mawe, mkulima alitandaza samadi au mwani wa baharini juu ya nyasi, akapanga mbegu za viazi, kisha akapindua vipande vya ardhi kutoka pande mbili na kuvifunikia humo. Tuta likainuka, na pale alipochimba pakawa mtaro wa maji. Waingereza waliyaita hayo vitanda vya wavivu. Ni jina lisilo la haki, kwa maana kazi ile ilifanywa kwa koleo na mgongo wa mtu, mahali ambapo plau isingeweza kupita. Ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata, na wengine wengi wakahama nchi. Tuta halikuwa na kosa. Watu waliobanwa kwenye vipande vidogo vya ardhi duni walikuwa wameachiwa zao moja tu la kuwashibisha. Mpaka leo, jua la jioni likilala juu ya vilima vya magharibi ya Ayalandi, mistari ya matuta hayo huonekana chini ya nyasi.

Namna ile ya kufunika majani kwa udongo, nyumbani kwetu inajulikana vizuri. Huko Ufipa, mkoani Rukwa, wakulima wamekuwa wakikusanya nyasi na kuzifukia ndani ya vichuguu vya mviringo mwishoni mwa mvua, zioze humo na kuwa mbolea ya msimu unaofuata. Na katika milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo waliunda kitu ambacho wataalamu wa udongo wamesafiri toka mbali kukiona: ngoro.

Mapokeo yanaeleza kwamba katikati ya karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo wakabanana kwenye miteremko mikali. Mvua za huko ni nzito, na juu ya mteremko maji hufuata mkondo, yakibeba udongo pamoja nayo. Kazi ya ngoro huanza mvua zinapokaribia ukingoni, mwezi wa Machi. Wanaume hufyeka nyasi, kisha zikishanyauka huzipanga mistari inayokatana, ikifanya miraba yenye upana wa kama mita moja na nusu. Wanawake huja na majembe, huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya mistari ya nyasi. Matokeo yake ni mlima mzima uliojaa mashimo, kila shimo likizungukwa na matuta manne yenye nyasi tumboni.

Mvua ikinyesha, kila shimo hupokea maji yake na kuyashikilia. Udongo uliotaka kutoroka hutua humohumo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na baadaye hufuata mahindi, huku magugu yaliyopaliliwa yakitupwa shimoni kuoza. Baada ya mzunguko wa miaka miwili matuta hubomolewa na ngoro huundwa upya. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliichunguza ngoro kwa makini, wakathibitisha kwa vipimo walichokuwa wakikijua wakulima: bila ngoro miteremko ile ingalikwisha kuwa mawe matupu.

Mikoa ya Iringa na Njombe nayo ina vinyungu, bustani za mabondeni. Kiangazi kinapokausha mashamba ya juu, watu hushuka bondeni kwenye unyevu, huchimba mitaro na kuinua matuta, na kupanda mboga, maharage na mahindi mabichi. Ni kanuni ileile ya Kuk, iliyogunduliwa upya na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Kuk.

Matuta ya amri

Sura inayofuata ni chungu. Katika miaka ya 1930, habari za dhoruba za vumbi zilizoangamiza mashamba ya Marekani ziliwatia hofu maofisa wa kilimo wa Kiingereza, nao wakayatazama makoloni yao kwa jicho jipya. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini dawa waliyoichagua ilikuwa sheria, faini na jela.

Usambara, kuanzia mwaka 1946, mpango wa bonde la Mlalo uliwataka Washambaa kujenga matuta yaliyofungiwa kwa matuta madogo ya kukatiza. Uluguru, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu waliamriwa kukata miteremko yao kuwa ngazi. Wilayani Murang'a, Kenya, wanawake ndio walioitwa mara kwa mara kuchimba makinga maji, huku mashamba yao wenyewe yakingoja.

Upinzani haukutokana na ujinga wala uvivu, ingawa ndivyo ulivyoandikwa. Waluguru walijua kwamba udongo wao wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi, unaufukia huo na kuufunua ule wa chini usiozaa. Walijenga ngazi, wakavuna kidogo kuliko awali. Wanawake wa Murang'a waligoma mwaka 1948. Ghasia zilizuka Uluguru mwaka 1955, polisi wakapiga risasi, mtu akafa, na mpango ukavunjika. Vuguvugu hilo la vijijini lilikipa nguvu chama kichanga cha TANU, kilichokuwa kimeanzishwa Julai 1954. Tunapousimulia uhuru wetu tunazitaja hotuba na mikutano. Tuwakumbuke pia watu waliokataa kuchimba tuta wasiloliamini.

Waliokataa tuta la amri hawakuwa wamelikataa tuta lenyewe. Shahidi ni Machakos. Ukambani nako kulikuwa na amri na shuruti, na ardhi ilikuwa imechoka kiasi cha maofisa kuikatia tamaa. Kisha, katika miaka ya 1950, wakulima walianza kulipendelea kinga moja. Badala ya kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa chini, waliurusha upande wa juu wa mtaro. Tuta lile huzuia udongo unaoteremka, na miaka ikipita shamba hujisawazisha lenyewe likawa ngazi, bila kulichubua tabaka la juu. Kulichimba kulitaka nguvu nyingi, nazo zilitoka kwenye vikundi vya mwethya vya kusaidiana. Soko la kahawa, matunda na mboga lililokua pamoja na Nairobi liliifanya kazi hiyo ilipe.

Kati ya mwaka 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka kutoka takriban 240,000 hadi milioni 1.4, na mmomonyoko ukapungua. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliisimulia habari hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1994, kikawashangaza waliokuwa wakiamini kwamba watu wakizidi ardhi lazima ife. Kinga lile linaitwa fanya juu. Leo hii mtaalamu wa hifadhi ya udongo wa Ethiopia au wa Roma hulitaja kwa maneno hayohayo mawili ya Kiswahili. Ni zawadi ya jembe la Ukambani kwa elimu ya dunia.

Tuta laingia mjini

Mji nao una maswali yake. Hakuna ardhi, au ipo ya kifusi na taka. Paris ya karne ya 19 ilijibu kwa kinyesi cha farasi. Maelfu ya farasi waliovuta magari ya mji waliacha samadi, na wakulima wa mboga wakaitandaza kwenye matuta manene. Samadi ilipokuwa ikioza ilitoa joto, na juu yake waliweka kengele za kioo, hata saladi ikakomaa wakati wa baridi. Wawili kati yao, Moreau na Daverne, waliieleza kazi hiyo katika mwongozo wao wa mwaka 1845. Mwandishi Mrusi Kropotkin, aliyewastahi sana wakulima hao, aliandika kwamba mikataba yao ya kupanga iliwaruhusu kuondoka na udongo wao wakihama, kwa sababu walikuwa wameutengeneza wenyewe. Magari ya injini yalipowaondoa farasi barabarani, chemchemi ya bustani zile ilikauka.

Mbinu yenyewe ilivuka bahari. Mwaka 1967 Mwingereza Alan Chadwick alianza bustani katika Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, akichanganya ufundi wa Wafaransa na mafunzo ya kilimo ya Rudolf Steiner. John Jeavons aliyaendeleza mawazo hayo na mwaka 1974 akatoa kitabu cha kumfundisha mtu kupata mboga nyingi katika eneo dogo. Msingi wake ni kuulegeza udongo kwa kina cha kama sentimita 60, kuulisha mboji, kupanda kwa kubananisha, na kutolikanyaga tuta kamwe. Kutoka California mafunzo hayo yalifika Kitale, Kenya, ambako kituo cha Manor House kilichoanzishwa mwaka 1984 kiliyafundisha kwa wakulima wadogo.

Kuba ilifika hapo kwa njia ya dhiki. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mafuta, mbolea na chakula cha kuagizwa vilikatika ghafla. Katika viwanja vitupu vya Havana, watu walijenga kingo za matofali na mawe juu ya ardhi isiyofaa, wakazijaza udongo na mboji, wakapanda mboga na kuwauzia majirani palepale.

Na Nairobi ilipotoka kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, mboga zikawa ghali na barabara hazipitiki, wakazi wa Kibera walifundishwa kupanda kwenye magunia. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati ikisimamishwa nguzo ya kokoto ili maji yafike chini, na ubavuni hutobolewa matundu ya kupachika miche ya sukuma wiki. Gunia ni tuta lililosimama wima, kwa mtu ambaye ardhi yake yote ni mlango wake.

Kwako, mwenye jembe

Ukitaka kujenga tuta lako, anza kwa swali ambalo hawa wote walianza nalo: maji ya hapa yana tabia gani? Chimba shimo la kina cha goti, lijaze maji, lirudie kesho yake. Yakiwa bado yamesimama, inua tuta sentimita 20 hadi 30 na uache mtaro pembeni. Mahali pakavu, kama Dodoma, usiinue. Didimiza tuta chini ya usawa wa ardhi, kingo zikae juu, kila tone libaki humo. Hivyo ndivyo walivyofanya wakulima wa Burkina Faso kwa mashimo yao ya zai, ambayo Yacouba Sawadogo aliyaboresha akairudishia uhai nchi iliyokuwa imegeuka jangwa. Kwenye mteremko, likingamishe, usilielekeze bondeni.

Upana uwe mita moja hadi moja na robo, yaani ufike katikati kwa mkono kutoka kila upande, maana udongo uliokanyagwa hushindiliwa na mizizi hukosa hewa. Urefu ni wako. Chini tandaza majani makavu, mabua au magugu yasiyo na mbegu, juu weka udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi itaunguza miche. Funika kwa nyasi ili jua lisiunyang'anye unyevu. Kuhusu kingo, mbao ni chakula cha mchwa katika sehemu nyingi za nchi zetu. Mawe, matofali chakavu au magogo ya migomba yatafaa, na tuta lisilo na kingo kabisa, lililopigwa vizuri kwa mgongo wa jembe, limelisha watu wengi kuliko yote niliyoyataja.

Halafu litazame baada ya mvua ya kwanza. Litaporomoka mahali, maji yatatuama mahali pengine, na utalirekebisha. Wamatengo hubomoa ngoro zao kila baada ya miaka miwili na kuziunda tena, ndiyo maana mtoto wa Mbinga hakuachiwa matuta ya babu yake. Aliachiwa jembe, akasimamishwa kwenye mteremko, akaonyeshwa maji yanakopita.